Deni la nyumba lililokataa kupungua: kisa cha Mwalimu na mkewe wa Busia

Kufikia Mei 2024 familia hii ya Busia, Uganda, ilikuwa imeilipa benki karibu shilingi za Uganda milioni 88 na nusu kwa mkopo wa nyumba wa milioni 80. Deni lililobaki lilikuwa milioni 82 na nusu. Mwalimu aliponionyesha karatasi alidhani benki imemwibia, nami nilipiga hesabu upya mwanzo hadi mwisho nikitumaini kukuta kosa. Sikulikuta. Kila shilingi ilikuwa mahali ambapo mkataba ulisema itakuwa.

Wenyewe wameniruhusu kusimulia, ila majina, jina la benki na la shule nimeyaacha. Kwa miaka kadhaa nilikaa upande wa pili wa ile meza nikiwa ofisa mikopo, na siku hizi nasaidia watu kuandaa maombi ya kupangiwa mkopo upya, yaani kubadilishiwa muda na masharti ya kulipa. Wengi huja wakiwa wamechelewa. Hawa walikuja wakiwa na kama wiki sita mkononi kabla ya muda wa notisi ya benki kuisha.

Mume ni Msamia, kabila la hapo Busia, mke anatoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda; nyumbani kwao Kiswahili ndicho cha kila siku, na sokoni Busia mke anakitumia kuuza vitenge pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Mume alifundisha hisabati katika sekondari ya binafsi. Mwishoni mwa 2017 walichukua mkopo wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, wakanunua nyumba ya vyumba vitatu nje kidogo ya mji, upande wa njia ya Tororo, yenye hati safi na kibanda cha vyumba viwili uani. Mshahara ulikuwa 1,600,000, vitenge vilileta kama 1,500,000 kwa mwezi, na rejesho la kila mwezi lilikuwa 1,231,000. Asilimia 40 ya kipato. Si vizuri sana, lakini wapo wengi wanaoishi hivyo.

Hadi Machi 2020 walilipa bila kukosa mwezi hata mmoja. Jumla ilifika milioni 33 na kidogo. Katika hizo, milioni 3.2 tu ndizo zilizopunguza deni lenyewe. Milioni 30 zilikuwa riba. Hapo ndipo watu wengi wa mikopo ya nyumba wasipopaangalia, kwa sababu benki inapokuonyesha ratiba mara ya kwanza unatazama safu moja tu, ile ya rejesho. Safu ya deni linalobaki hutembea kama kobe miaka mitano ya kwanza, na kwa riba za huku kwetu kobe mwenyewe ni mzee.

Kisha shule zikafungwa. Machi 2020 hadi tarehe 10 Januari 2022, ukiondoa vipindi vifupi ambavyo baadhi ya madarasa yaliitwa kurudi, walimu wa shule za binafsi walikaa nyumbani. Benki Kuu ya Uganda ilitoa hatua za unafuu kuanzia tarehe 1 Aprili 2020: benki ziliruhusiwa kuwapangia wateja mikopo upya bila kuwahesabu kama wadeni wabovu, na vikomo vya kawaida vya kupanga upya vikalegezwa. Hatua hizo ziliongezwa muda hadi Septemba 2021, na kwa sekta ya elimu na ya hoteli zikasogezwa hadi Septemba 2022. Mwalimu aliomba, akapewa miezi 12 ya kupumzika kulipa.

Alichokielewa yeye ni kwamba miezi hiyo imesamehewa. Kumbe riba iliendelea kila mwezi na kubebeshwa juu ya deni. Aprili 2020 walikuwa wanadaiwa milioni 76.8, mwaka mmoja baadaye, bila kukopa hata senti, walidaiwa milioni 90.9. Rejesho likapanda kutoka 1,231,000 hadi 1,457,000. Siwalaumu benki kwa hesabu hiyo, maana imeandikwa kwenye mkataba wa nyongeza aliotia sahihi. Nawalaumu kwa kutoitamka. Miongozo ya Benki Kuu ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha ya mwaka 2011 inataka mteja aelezwe masharti kwa lugha anayoielewa, na sentensi moja tu ingetosha: "Mwalimu, ukirudi kulipa, rejesho lako litaongezeka kwa laki mbili na ishirini na kitu."

Waliuza ng'ombe wa ukoo wakavuka 2021. Shule zilipofunguliwa walilipa tena miezi yote hadi Mei 2024. Muhula wa kwanza ulipoisha, shule ikapunguza walimu. Mwalimu akapewa barua, mkono wa asante, na mshahara wa mwezi mmoja.

Rejesho la Mei lililipwa kwa pesa za mkopeshaji wa mtaani, milioni moja na nusu kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, naye akabaki na kadi ya benki ya Mwalimu pamoja na namba yake ya siri. Sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji inakataza mkopeshaji kushika kadi ya benki au kitambulisho cha taifa kama dhamana, lakini nenda mtaa wowote uulize droo za wakopeshaji zina nini. Juni hakikulipwa kitu. Julai pia. Mwishoni mwa Julai ikaja notisi.

Notisi hiyo watu huiogopa kuliko inavyostahili, halafu huidharau kuliko inavyostahili, mara nyingi ndani ya wiki ileile. Kwa Sheria ya Rehani ya Uganda ya mwaka 2009, mkopaji akishindwa kulipa, benki humpa notisi ya maandishi inayotaja kosa lake na kiasi anachodaiwa, na kumpa siku 45 za kazi kurekebisha. Ni wiki tisa. Zikipita bila kitu, benki ina njia kadhaa mkononi, na kuuza ni mojawapo. Lakini kabla ya kuuza lazima itoe notisi nyingine ya siku 21 za kazi. Mke au mume anayeishi katika nyumba hiyo naye anastahili kupewa taarifa. Kwa hiyo notisi ya kwanza haimaanishi dalali yuko njiani na nyundo. Inamaanisha saa imeanza kuhesabu, na kwamba ndani ya wiki hizo tisa benki bado inapendelea kulipwa kuliko kuuza. Baada ya hapo faili huhamia kwa watu wengine, wa urejeshaji madeni na wanasheria, ambao hawalipwi kwa kukusikiliza.

Kuna saa nyingine inayotembea sambamba na hiyo, ya ndani ya benki. Mkopo ukifikisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mbovu, benki hulazimika kutenga pesa zake kufidia hasara inayotarajiwa, na jina lako husomeka vibaya kwenye kumbukumbu za CRB, ofisi inayotunza historia ya wakopaji. Ofisa mikopo anaweza kukupigania kwa nguvu zaidi siku ya 70 kuliko siku ya 95. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Mwalimu alikuwa ameshaipelekea benki barua yake ya kwanza ya maombi. Ninayo nakala. Inasema, kwa ufupi, kwamba hali ya maisha imekuwa ngumu, kwamba yeye ni mteja mwaminifu tangu 2017, na kwamba anaiomba benki "imhurumie na kumpa muda". Ukurasa mmoja na nusu, mwandiko mzuri. Ofisa mikopo, binti ambaye Mwalimu alimfundisha kaka yake, aliisoma akamrudishia. "Mwalimu," alimwambia, "wewe ni mtu wa hesabu. Hii barua haina hesabu."

Alikuwa sahihi. Kamati ya mikopo haiwezi kuidhinisha huruma. Inatafuta majibu ya maswali ambayo hayajaandikwa kwenye fomu. Shida hii ina mwisho au ndiyo maisha mapya? Kipato kilichobaki kinaonekana wapi? Na mteja mwenyewe ameweka nini mezani? Mwombaji asiyejibu hilo la tatu ndiye hukataliwa hata kama mawili ya kwanza yako sawa.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi. Tulikuwa na barua ya kuachishwa kazi, na kufikia Agosti Mwalimu alikuwa amepata shule nyingine kuanzia muhula wa tatu, kwa 1,100,000. Barua ya ajira ya muhuri na sahihi ya mkuu wa shule iliingia kwenye faili.

La pili lilitutoa jasho, kwa sababu ya vitenge. Mke anauza kweli, ila kwa macho ya benki alikuwa hauzi chochote. Hana akaunti ya biashara. Pesa zinaingia kwa simu na kwa mkono, zinatoka asubuhi inayofuata kununua mzigo. Tulichukua taarifa za pesa za simu za miezi 12, leseni ya biashara, risiti za mzigo, na daftari lake la mauzo lenye madoa ya chai. Daftari ndilo lililoshinda. Kila ukurasa ulikuwa na jozi za vitenge, bei ya kununua, bei ya kuuza, na wadeni wake waliopigiwa mstari mwekundu. Tukalilinganisha na mapato ya simu mwezi kwa mwezi, tukapata wastani wa faida ya 1,400,000. Disemba ilikuwa juu, Februari chini. Hatukuficha Februari. Ofisa akiona miezi yote inang'aa anajua daftari limepikwa.

Jumla 2,500,000. Rejesho la 1,457,000 lilikuwa asilimia 58 ya hapo. Kila mtu aliona haiwezekani.

Mwalimu alikuja na suluhisho ambalo karibu kila mkopaji huja nalo: tuongezewe muda. Benki ilikuwa tayari kuusogeza mkopo hadi atakapofika miaka 60, na kwa kuwa alikuwa na 47, hiyo ni miaka 13, miezi 156. Deni kufikia mwisho wa Agosti, pamoja na riba ya miezi mitatu ambayo haikulipwa, lilikuwa milioni 86. Nikampa kalamu apige mwenyewe. Akapata 1,372,000.

Aliipiga tena. Kuongeza zaidi ya miaka mitatu na nusu kwenye mkopo kulimpunguzia shilingi elfu 85 kwa mwezi. Sababu haina siri: riba ya mwezi mmoja tu kwa deni la milioni 86 ni karibu 1,219,000. Hata benki ingempa miaka 100, rejesho haliwezi kushuka chini ya hapo. Kwa riba ya asilimia 17 muda unaponunuliwa hulipiwa ghali na huleta kidogo. Kupunguziwa riba kungesaidia zaidi, na tuliomba. Benki ikakataa katakata. Ilikubali tu kufuta faini za kuchelewa, nazo hazikufika hata laki sita.

Kilichobaki kilikuwa deni lenyewe. Kwa masharti yale ya miezi 156, kila milioni moja inayotolewa kwenye deni hupunguza rejesho kwa kama shilingi elfu 16. Nikaandika hiyo namba kubwa juu ya karatasi, na kuanzia hapo mazungumzo yakabadilika. Kila kitu cha familia kikawa na bei yake kwa mwezi.

Kwanza, mafao ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, mwanachama mwenye miaka 45 au zaidi aliyechangia angalau miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Mwalimu alichangia tangu 2008, akiba ikiwa milioni 52. Asilimia 20 ni milioni 10.4, sawa na laki moja na elfu sitini na kitu kwa mwezi. Sipendi watu wachomoe pesa ya uzeeni, na nilimwambia hivyo. Lakini anayelipa benki asilimia 17 huku akiba yake inakua kwa kiwango cha chini ya hapo, hesabu yake iko wazi.

Pili, kiwanja kidogo walichonunua mwaka 2016 kwa ajili ya watoto. Kilipata mnunuzi wa milioni 9. Mke alinyamaza muda mrefu kuhusu hicho. Mwishowe alisema watoto watalala ndani ya nyumba, hawatalala kwenye kiwanja.

Tatu, kibanda cha uani. Kilikuwa stoo ya vitu vilivyokufa. Kilisafishwa, kikapakwa rangi, na chumba kimoja kikapangishwa kwa laki mbili kwa mwezi kwa kijana wa forodha. Mkataba wa upangaji uliofika mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, ukawa karatasi nyingine ya faili.

Mimi nilipendekeza jambo la nne, wakalikataa: kuuza nyumba wao wenyewe. Bei ya soko ilikuwa inakaribia milioni 150. Wangelipa benki, wangebaki na zaidi ya milioni 60 na kiwanja chao, wakajenga polepole. Bado nadhani ulikuwa uamuzi bora kwa pesa. Mke alinijibu, "Kaka yangu, wewe unahesabu nyumba. Mimi nimeshahama mara nyingi." Sikuwa na la kuongeza. Anayefikiria mnada lakini aelewe kwamba kuuza mwenyewe na nyumba kuuzwa na benki ni bei mbili tofauti, ingawa sheria inaitaka benki itafute bei bora inayoweza kupatikana.

Rafiki yao alishawashauri waende mahakamani kusimamisha kila kitu. Njia hiyo ipo. Ila Kanuni za Rehani za mwaka 2012 zinaruhusu mahakama kumtaka anayetaka kusimamisha mnada aweke asilimia 30 ya thamani ya kuuzwa kwa haraka au ya deni lililobaki. Kwa deni lao hiyo ni milioni 25.8, na haipunguzi rejesho hata kidogo. Walichohitaji kuweka mezani kwa benki kilikuwa milioni 19.4. Kesi ya mahakamani ina maana pale ambapo benki imevunja utaratibu, kwa mfano notisi haikufika au mwenzi hakuridhia nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Hapa hakukuwa na kosa la namna hiyo.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema tumepoteza nini na lini, tunapata nini sasa na ushahidi uko kiambatisho namba ngapi, tunadaiwa nini na nani, pamoja na mkopeshaji wa mtaani. Mwalimu hakutaka kumtaja. Nilisisitiza, kwa sababu kadi iliyoshikwa na mtu mwingine ingeonekana mara tu mshahara utakapoanza kuingia na kutoweka siku hiyohiyo. Walimlipa kwanza kwa mtaji wa vitenge, kadi ikarudi, namba ya siri ikabadilishwa. Kisha ombi lenyewe: milioni 19.4 zishushe deni hadi 66.6, muda uwe miezi 156, faini zifutwe, rejesho liwe 1,062,000. Pamoja na kodi ya kile chumba, hiyo ni asilimia 39 ya kipato.

Jambo moja nililopigania kuliko yote ni mpangilio wa hatua. Ofisa alitaka milioni 19.4 ziingie kwanza "kuonyesha nia", halafu kamati ikae. Hapana. Pesa ikiingia kwenye akaunti ya mkopo bila makubaliano hulamba malimbikizo, faini na riba kwanza, na kesho unaamka na rejesho lilelile la zamani, mfuko ukiwa mtupu. Tulikubali kuingiza milioni 3 kama dalili njema. Zilizobaki zilisubiri barua ya ofa yenye sahihi, inayotaja deni jipya, riba, muda, ada ya kupanga upya na kwamba notisi ya Julai imeondolewa. Barua ikatoka wiki ya tatu ya Septemba, siku chache kabla ya zile 45 kuisha. Mke naye alitia sahihi, baada ya kusomewa kila kifungu kwa Kiswahili na kuuliza maswali ambayo mumewe alikuwa anaona aibu kuuliza. La kwanza lilikuwa: "Tukikwama tena mwakani, mtatupa tena?"

Jibu lilikuwa la kweli na halikupendeza. Nje ya kipindi kama kile cha korona, mkopo mmoja haupangwi upya kila mteja anapokwama. Kanuni zina kikomo, na faili lililopangwa mara mbili kamati hulisoma kwa jicho lingine.

Benki ilikataa ombi moja dogo ambalo nadhani ilipaswa kulikubali. Shule mpya hailipi mshahara kamili wakati wa likizo, kama zilivyo nyingi za binafsi, hivyo tuliomba marejesho yafuate mihula. Mfumo wao unajua mwezi tu. Walichokubali ni kusogeza tarehe ya kukatwa kutoka 28 hadi 10. Kwa hiyo katika miezi ya masomo Mwalimu huweka kando laki mbili na nusu kwenye akaunti nyingine, na kodi ya kile chumba haiguswi kabisa. Likizo ya Disemba ndiyo ndefu kuliko zote, lakini ndiyo miezi ambayo vitenge hutoka. Januari na Februari ndiyo ya kuangalia, na daftari la mke lilishasema hivyo kabla ya benki.